Kifungu cha Tafsiri

Saa mbili usiku, Chukwani. Feni imeshindwa,
nimefungua dirisha; bahari inaingia kwa harufu tu.
Nyuma ya kalenda ya mwaka jana nachora njia ya mswada:
hapa utasomwa jina lake mara ya kwanza,
kwa sauti ya Katibu, na hakuna atakayesikiliza,
maana kusomwa mara ya kwanza ni kama adhana sikioni mwa kichanga:
haelewi, lakini keshaingia duniani.

Vuai Mcha, mwanasheria, anahesabu siku kwa vidole vya mkono mmoja;
wa pili umeshika mkate wa mofa.
"Mambo ya nje si yetu, Time. Ni ya Dodoma.
Sisi tunaletewa mezani kilichokwisha kuiva."
Namwambia chakula huonjwa jikoni, Vuai.
Mezani watu husema alhamdulillahi, wakanyamaza.

Basi twapanga. Mkataba wa uvuvi wa bahari kuu
na nchi ambayo jina lake bado limo ndani ya mabano,
kwa kuwa hawajakubaliana liandikwe vipi.
Maoni yetu yavuke kabla Rajabu haijaandama.
Kamati ikae wiki mbili; ya tatu ni ya bajeti,
na bajeti ikiingia ukumbini haimpishi mtu.
Mwenyekiti apewe waraka siku ya safari,
ausome kwenye boti, kwani ofisini hasomi.
Wale wawili wa upande wa pili tuwaendee kwa kahawa.
Barua hujibiwa; kahawa hukubaliwa.

"Na Ramadhani?"
"Ramadhani watu hupitisha upesi."
"Hiyo ndiyo naiogopa."

Wiki iliyopita tulikuwa Wete kusikiliza wadau:
ukumbi wa skuli, viti vya plastiki,
maikrofoni moja yenye mafua.
Akasimama bibi wa Kojani. Mchokoo wake wa pweza
ameuegemeza mlangoni, kama mtu aachavyo viatu msikitini.
Karani akamuuliza jina.

"Mgeni."

"Jina lako, bibi. Tunajua umetoka mbali."

"Mgeni binti Shaame. Nimezaliwa siku nyumba imejaa watu."

Ukumbi ukacheka. Nami nikacheka,
mpaka alipokunjua nakala ya rasimu yetu,
imelainika kwa kushikwashikwa,
mjukuu wake alimsomea usiku kucha:

"Kifungu cha pili. Mgeni maana yake ni mtu yeyote
asiye na haki katika bahari hii ila kwa kibali.
Nani kanitia humu? Nani alikuja kuniuliza?"

Hapo hakucheka mtu.
Vuai akaitazama kalamu yake kama imemsengenya.

"Mwasema mambo ya nje," akaendelea, hakupaza sauti.
"Mie nikitoka mlangoni, hatua arubaini, ndiyo nje.
Maji yakitoka naingia mwambani, yakijaa narudi na kitoweo.
Hayo yenu ya nje, kwangu ni ya jikoni."

Akaketi. Karani hakujua aandike nini
katika safu ya "Hoja".
Akaandika: *jina*.

Usiku huu nalifuta neno lile, naweka "chombo kisicho cha hapa".
Vuai anatikisa kichwa. Kubadili neno moja
kwahitaji barua, barua yahitaji saini,
na mwenye saini yuko safarini.

"Wapi?"

"Nje."

Tumecheka mpaka mlinzi akaja kuchungulia.
Kisha kimya, makombo ya mofa juu ya Shaabani,
mishale yangu yote ikielekea upande mmoja
kama chungu wamepata sukari.
Vuai ameaga. Nakunja kalenda.
Kati ya kamati na bajeti nimeficha siku moja,
sikumwambia hata yeye. Haimo kwenye ratiba.
Ila ukiinua karatasi mbele ya taa
utaona penseli imebonyea, pamekwaruzwa kidogo,
pana nafasi ya mtu mmoja kusimama.